Nyota inayotembea juu ya Lusu: setelaiti hufikaje huko?

Ukikaa uwanjani Lusu, wilayani Nzega, kwenye saa moja na nusu usiku, kuna siku utaona nyota inatembea. Haipepesi, haina mlio. Inakatiza anga dakika chache, halafu inafifia na kupotea kabla ya kufika upeo wa macho. Si ndege wala kimondo. Ni setelaiti. Sasa tujiulize, ilifikaje huko?

Mfano mzuri tunao hapahapa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setelaiti ya NASA iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani.

Kwa nini Malindi? Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi inakwenda mita 465 hivi kwa sekunde. Roketi ikielekezwa mashariki inaanza na mwendo huo bure, na vipande vyake vinaangukia baharini. Kazi bado ni kubwa, maana setelaiti ya aina hii inahitaji kama kilomita 7.6 kwa sekunde. Ikifikia hapo, inaendelea kuanguka, ila Dunia nayo inapinda chini yake, kwa hiyo haigusi ardhi. Mvutano uko palepale. Bila huo ingekwenda zake moja kwa moja.

Njia ya Uhuru haikutoka nje ya nyuzi 3 hivi kaskazini na kusini mwa ikweta. Ikishazunguka Dunia, ilirudi kwetu kutokea Kongo, ikapita kaskazini ya Lusu, ikaelekea pwani. Mwaka 1857, Burton na Speke na wapagazi wao walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora. Setelaiti humaliza umbali kama huo kwa chini ya dakika mbili.

Leo unayoweza kuiona kirahisi ni Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilomita 400 hivi juu. Kwako jua limeshazama, lakini kule bado linakimulika. Kikiingia kwenye kivuli cha Dunia, kinapotea. Programu za simu hutaja dakika ya kupita, lakini tumia utabiri mpya: hata kule juu kuna hewa nyembamba inayopunguza mwendo, kwa hiyo hesabu za zamani zinapitwa. Na ukiona taa zimefuatana kama shanga, usikimbilie kusambaza kwenye makundi kwamba ni dalili ya jambo. Ni setelaiti zilizorushwa pamoja, bado hazijatawanyika.

Kufuatilia huku si mchezo tu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema tathmini ya awali inaonyesha ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe madhara yake ardhini. Lakini ili mtu adai, lazima kwanza ijulikane kilichoanguka ni cha nani. Kwa hiyo ukikutana na chuma cha namna hiyo shambani, usikiguse. Andika saa, piga picha kwa mbali, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji.