Masta ya ng'ambo: lisansi ya Kongo haijielezi yenyewe

Kuanzia mwezi wa kumi hadi mwezi wa kwanza, programu nyingi za Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya hupokea maombi ya bursa. Chevening, bursa ya serikali ya Uingereza, nayo kwa kawaida hufungua maombi mwezi wa nane na kuyafunga kabla mwaka haujaisha. Kule Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, hayo ndiyo majira ya vijana kupanga mstari kwenye sekretarieti za vyuo vikuu wakitafuta releve za pointi. Wengi hutumia wiki nzima wakiipamba barua ya motisha, na karatasi wanaziacha kwa siku tatu za mwisho. Ingefaa wafanye kinyume, kwani barua mtu anaweza kuiandika upya usiku mmoja, lakini kashe ya chuo kikuu haitafutwi usiku.

Shida ya kwanza ni jina lenyewe la diplomi. Katika mfumo wa zamani, mwanafunzi wa Kongo alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla miaka 5. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 iliweka msingi wa mfumo wa LMD, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 serikali ikaueneza katika vyuo vikuu vyote. Leo lisansi ni miaka 3, masta miaka 2, kisha doktora. Kwa hiyo watu wawili waliotoka chuo kikuu kimoja, hata fakilte moja, wanaweza kuwa na karatasi iliyoandikwa lisansi, mmoja amesoma miaka 5 na mwingine miaka 3. Hapa Kivu kila mtu anaelewa tofauti hiyo. Anayesoma dosie kule Leuven au Nairobi hana sababu ya kuielewa.

Mtu wa mfumo wa zamani akinyamaza, miaka yake 5 inaweza kuhesabiwa kama 3. Hatari nyingine iko kwenye tafsiri. Anayejitafsiria gradua kwa Kiingereza mara nyingi huchukua neno linalofanana nayo, na kwa Waingereza neno hilo ni la mtu aliyekwisha kumaliza shahada kamili. Mwombaji hakukusudia kudanganya, ila karatasi yake inadanganya mahali pake, na tume ikigundua haitamwita aje kujieleza. Dawa yake ni atestasio ya sekretarieti ya akademia inayosema wazi: mfumo gani, miaka mingapi, saa ngapi za masomo au kredi ngapi. Katika LMD mwaka mmoja una kredi 60, hivyo lisansi mpya ni kredi 180. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, si na rafiki anayejua Kiingereza kidogo.

Baada ya jina la diplomi zinakuja pointi. Kongo, 50 kwa 100 ni kupita, distinksio inaanza kwenye 70, na distinksio kubwa kwenye 80. Mwanafunzi mwenye 66 anaweza kuwa wa pili au wa tatu katika promosio yake. Huko ng'ambo, mtu anayeona 66 bila maelezo anafikiri huyu ni mwanafunzi wa katikati tu. Kwa hiyo nafasi katika promosio ni habari yenye thamani, na profesa au dekani anaweza kuiandika: wa tatu kati ya watu 84, kwa mfano. Kitu ambacho mwombaji asifanye ni kujitengenezea hesabu ya pointi za Kimarekani kwa kikokotoo alichokiona mtandaoni. Aandike pointi zake jinsi zilivyo, aambatanishe ngazi za mfumo wetu, na kazi ya kubadilisha awaachie wenye chuo.

Majina nayo yamewaponza wengi. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo. Fomu ya mtandao ina nafasi mbili tu. Mtu anajaza jina moja leo, lingine kesho, na diplomi ya taifa ina herufi moja ambayo paspoti haina. Kanuni iliyo rahisi ni kufuata paspoti herufi kwa herufi kila mahali. Kama diplomi inapishana nayo, marekebisho au karatasi ya kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja yatafutwe kabla ya fomu kufunguliwa.

Haya yote yangekuwa usumbufu wa kawaida kama si vita. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Banki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na safari ya Kinshasa, ambako ndiko viza nyingi za Ulaya zinaombwa, kwa watu wengi ikawa ni kupitia Kigali kwanza. Kuna waliokimbia na begi moja, diplomi ikabaki ndani ya nyumba. Aliye na karatasi zake leo azipige skana zote, azitume kwenye barua pepe yake mwenyewe, na nakala nyingine amwachie ndugu aliye mji mwingine. Aliyezipoteza aanze na sekretarieti ya chuo, maana releve inaweza kutolewa tena, ingawa yahitaji subira.

Barua za rekomandasio nazo zina ugumu wa kwetu. Maprofesa wetu wengi ni wasafiri: wiki mbili Bukavu, wiki mbili Lubumbashi au Kisangani, na simu mara inaita, mara haiiti. Kumwomba barua siku tano kabla ya mwisho ni kumkosea heshima na kujikosea mwenyewe. Apewe wiki tatu au nne, pamoja na CV, muhtasari wa TFC au memwari, na jina kamili la programu. Asistenti aliyekusimamia katika utafiti anaweza kuandika barua yenye uzito kuliko mkubwa anayekujua kwa namba ya orodha. Lakini programu nyingine zinataka mwenye doktora, kwa hiyo masharti yasomwe kwanza.

Kuhusu barua ya motisha, shule zetu zimetufundisha kuanza na heshima kubwa ya kumjia mheshimiwa na kumaliza na hisia zetu bora kabisa. Katikati inabaki mistari minne, na miwili kati yake inasema mwombaji anapenda maendeleo ya nchi. Nani asiyeyapenda? Tume inatafuta swali ambalo mtu huyo amelibeba. Aliyesoma jiolojia Goma ana lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Aliyesoma mazingira Bukavu anaishi na mmomonyoko wa Kadutu. Daktari Denis Mukwege alikuwa daktari kijana kule Lemera alipoona wanawake wakiumia na kufa kwa uzazi, na hilo ndilo lililompeleka Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Doktora yake ya Brussels aliipata 2015, akiwa na miaka 60, juu ya fistula, majeraha aliyokuwa akiyatibu Panzi kila siku.

Lugha inachagua njia. Ubelgiji na Ufaransa zina masta nyingi kwa Kifaransa. Upande wa pili, Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Kampala au Dar es Salaam ni karibu na rahisi kuliko Ulaya, ila masomo huko ni kwa Kiingereza. Vyeti vya IELTS na TOEFL vinadumu miaka 2, basi kufanya mtihani mapema mno nako ni kupoteza pesa.

Na kuhusu pesa: Chevening haitozi chochote kwa kuomba, wala DAAD ya Ujerumani. Komisionere anayedai dola 200 ili kuingiza dosie yako anauza kitu ambacho hana.

Kuna pia suala la saa. Programu nyingi za Ulaya hufunga kwa saa za Brussels. Wakati wa baridi Kivu iko mbele kwa saa moja, hivyo dakika ya mwisho ya Brussels ni karibu saa saba za usiku Bukavu, wakati ambapo umeme wa SNEL unaweza kuwa umekatika na mega zimekwisha. Afadhali dosie iondoke siku mbili kabla, mchana, na namba ya uthibitisho iandikwe kwenye daftari.