Dawa ya kano liumalo ni kazi, si kitanda

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuutaja mwili wa binadamu. Uhaba, kama upo, umo katika namna tunavyoyatumia. Mtu akikaza shingo husema ameshikwa na mshipa. Muuguzi akitaka kutoa damu hutafuta mshipa. Mwenye ngiri naye husemekana ana mshipa. Na mwalimu anayeamka alfajiri akashindwa kukanyaga kwa sababu ya maumivu yaliyo juu ya kisigino, naye ataambiwa kwamba ni mshipa tu. Kwa sisi tulio katika taaluma ya isimu, jambo hili ni mfano mzuri wa neno moja kubeba maana nyingi. Kwa mgonjwa, hata hivyo, lina hatari yake: jina likikosewa, aghalabu tiba nayo hukosewa.

Kinachouma hapo si mshipa wa damu wala wa fahamu. Ni kano, na neno hilo limo kamusini likisubiri kutumiwa. Kano hili huunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, nalo ndilo kano nene na lenye nguvu kuliko yote mwilini. Mnamo mwaka 1693 mwanaanatomia Philip Verheyen aliliita kano la Achilles, kwa jina la shujaa wa ngano za Wayunani ambaye mamaye alimchovya katika mto wa ajabu ili asidhurike, lakini kisigino alichomshikia kikabaki kikavu.

Maradhi haya hayachagui. Wakimbiaji ndio waathiriwa wakuu. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikuwa akisumbuliwa na kano hili alipomshinda Paul Tergat wetu kwa sekunde 0.09 katika mbio za mita 10,000 kule Sydney mwaka 2000, na baada ya hapo akafanyiwa upasuaji. Lakini hata asiyekimbilia nishani huumia. Mwalimu aliyeketi kusahihisha mitihani muhula mzima, kisha akacheza kandanda dhidi ya wanafunzi siku ya michezo, amelitwika kano lake mzigo ambalo halikuandaliwa kuubeba. Mwanafunzi anayeongeza ghafla masafa ya mbio zake hali kadhalika.

Matabibu wenyewe waliwahi kupotoshwa na jina. Kwa miaka mingi waliyaita maradhi haya kwa neno lenye kiambishi cha Kiyunani kinachomaanisha uvimbe wa moto. Kwa kuwa jina lilisema uvimbe, tiba ilikuwa kupumzika na kumeza dawa za kuondoa uvimbe. Kano sugu lilipochunguzwa kwa hadubini, seli za uvimbe zilionekana kuwa chache. Kilichodhihirika ni nyuzi zilizovurugika na kupoteza mpangilio wake. Jina likabadilishwa. Kano lililovurugika halinyooshwi na kitanda, kwani kupumzika kabisa hulizidishia udhaifu.

Ndipo tunapofika kwa daktari wa upasuaji wa Uswidi, Håkan Alfredson. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wanariadha 15 wa kujifurahisha waliokuwa na maumivu ya muda mrefu. Baada ya majuma 12 ya mazoezi ya kushusha kisigino, wote walirejea kukimbia. Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto, na hapa dawa ya mzigo ilikuwa mzigo uliopimwa.

Zoezi lenyewe halihitaji shilingi. Simama kwenye ukingo wa kidato cha ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, ukiwa umeshika ukuta. Inuka kwa miguu yote miwili. Hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha ushushe kisigino polepole mpaka kiwe chini ya kidato. Inuka tena kwa msaada wa mguu mzima. Fanya mara 15, pumzika, urudie hadi mafungu matatu, goti likiwa limenyooka. Kisha fanya mafungu mengine matatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Alfredson aliagiza hivyo mara mbili kwa siku, kila siku. Maumivu ya kustahimilika si kosa, lakini yakizidi, punguza. Yakitoweka, beba mkoba wenye vitabu. Ikiwa uchungu uko pale kano linaposhikana na mfupa, fanyia zoezi sakafuni, kisigino kisishuke chini zaidi.

Je, kukanda? Kuna nafuu yake, bora tujue mipaka. Keti, ulegeze mguu, ukande shavu la mguu kwa vidole gumba kuelekea juu kwa dakika chache, au ulibiringishie kifimbo cha kusukumia chapati. Misuli iliyokaza italegea na zoezi litakuwa jepesi. Usilisugue kwa nguvu kano lenyewe mahali panapouma kwa kudhani unauvunja mshipa. Kukanda hutuliza, kinachoimarisha ni mazoezi.

Yapo pia mambo yasiyotibiwa nyumbani. Ukihisi kana kwamba umepigwa teke kwa nyuma, ukasikia mlio, kisha ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, huenda kano limekatika: nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Shavu la mguu likivimba na kuwa na joto, usilikande, kwani huenda damu imeganda ndani. Fauka ya hayo, dawa za jamii ya siprofloksasini, ambazo wengine hujinunulia bila cheti, zinajulikana kudhuru makano. Anayezitumia akaumwa na kisigino amweleze daktari.

Nawaachia walimu na wanafunzi mambo mawili. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa sayansi washirikiane kufundisha tofauti ya kano, msuli, mshipa wa damu na neva, ili mtoto akiumia aweze kusema kilichoumia. Pili, shule ziache kukitoa mhanga kipindi cha elimu ya viungo kila mitihani inapokaribia. Mwili uliozoezwa kidogo kidogo kila juma haushtuki siku ya michezo. Majuma 12 ni takriban muhula mmoja, na haba na haba hujaza kibaba. Anayeweza kuwavumilia wanafunzi wa kidato cha kwanza muhula mzima hatashindwa kukivumilia kidato cha ngazi.