Watoto kwanza, mazizi baadaye: jinsi ya kuchagua mtaa wa kuishi Lubumbashi



Kila mwaka, mwezi wa Julai, baada ya watoto kupokea buletini, kuna jamaa zinazokuja mbele ya kanisa letu hapa Kasomeno kuomba maombi ya safari. Baba amepata kazi Lubumbashi, au mtoto amefika mwisho wa masomo yaliyopo hapa na anataka kuendelea. Tunawawekea mikono, tunaimba, na asubuhi yake wanapakia magodoro na masufuria juu ya lori. Kasomeno ni njia panda. Barabara moja inakwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, nyingine inapanda Pweto, kwenye ziwa Mweru, na nyingine inakwenda Lubumbashi. Kuona watu wakiondoka si jambo geni kwetu.

Miaka michache iliyopita tuliombea jamaa moja ya namna hiyo. Baba alipanga nyumba ya bei nafuu pembezoni mwa mji, kwa sababu ilikuwa karibu na kazi yake. Shule aliyoitaka kwa binti yake ilikuwa katikati ya mji. Binti alitoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, akapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, na jioni akafika giza limeingia. Nauli ya mwezi ikazidi pesa ya shule. Mwezi wa Februari, mvua zilipokuwa kali, akaacha masomo. Habari hiyo ilituumiza, kwa sababu sisi wazee wa kanisa tulikuwa tumeomba, lakini hatukuuliza hata swali moja. Hatukuuliza watakaa wapi, mtoto atasoma wapi, wala atafikaje huko. Ndiyo maana tunaandika haya, ili jamaa za makusanyiko yetu ya mashariki zinazohamia mjini ziwe na maswali hayo mkononi kabla ya kulipa garanti ya nyumba.

Musa aligeuza mpangilio

Katika Hesabu sura ya 32, wana wa Reubeni na wana wa Gadi waliona nchi ya Yazeri na Gileadi kuwa inafaa kwa mifugo, wakamwomba Musa awaache wakae huko. Tazameni namna walivyosema: watajenga mazizi kwa ajili ya wanyama wao, na miji kwa ajili ya watoto wao. Mazizi yalitangulia. Musa alipowajibu hakuwakataza kukaa kule, ila aligeuza mpangilio wa maneno: wajenge miji kwa ajili ya watoto wao, na mazizi kwa ajili ya kondoo wao. Nao walipomjibu tena, wakaanza kwa kutaja watoto na wake zao, ndipo wakataja mifugo.

Kazi ya baba ni zizi. Kibanda cha biashara cha mama ni zizi. Ni vitu vya lazima, maana jamaa haiwezi kula elimu. Lakini tunapochagua mtaa, tuanze na watoto, kisha tutafute namna ya kupatanisha na kazi. Mtu mzima anaweza kuvumilia safari ndefu kuliko mtoto wa miaka minane.

Kuujua mji kabla ya kuhamia

Lubumbashi ina komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Komini ya Lubumbashi ndiyo katikati ya mji, na huko ziko shule nyingi za zamani zenye sifa. Nani hajasikia majina ya Imara na Tuendelee? Lakini kodi ya nyumba huko ni kubwa. Kamalondo, Kenya na Katuba ni mitaa ya watu wengi, iliyojengwa tangu wakati wa ukoloni. Nyumba zake zimesongamana, lakini shule, soko na kanisa viko karibu, na mtoto anaweza kwenda kwa miguu. Kampemba na Ruashi ni pana na zina sura nyingi: mtaa mmoja ni mtulivu, mwingine umepakana na viwanda. Annexe inauzunguka mji wote. Huko parseli ni kubwa na bei ni ndogo, lakini kuna mahali shule ya serikali iko mbali, na umeme wa SNEL na maji ya REGIDESO havijafika.

Kwa hiyo msiseme tu, "Tunahamia Lubumbashi." Semeni mtaa, semeni avenyu. Ndani ya komini moja mnaweza kukuta shule nzuri na shule mbovu zikitenganishwa na barabara moja.

Maswali ya kuuliza shuleni

Kwanza, je, serikali inaitambua shule hiyo? Mjini kuna shule nyingi za watu binafsi zenye rangi nzuri ukutani. Ombeni kuonyeshwa karatasi ya kuidhinishwa na Wizara. Shule isiyotambuliwa inaweza kumfikisha mtoto darasa la mwisho, ndipo mzazi agundue kwamba hawezi kuandikishwa kwenye mtihani kwa jina la shule hiyo.

Pili, gharama yake ni nini hasa? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitekeleza hilo. Shule zinazosimamiwa na makanisa kwa mapatano na serikali, zikiwemo za Kiprotestanti, ni shule za umma pia. Mapatano hayo ni ya mwaka 1977. Kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi halazimiki kwenda shule ya kulipia. Lakini sekondari ya juu inalipiwa, na shule za watu binafsi zinalipiwa katika madarasa yote. Ulizeni pia pesa ya sare, vitabu na mitihani, kisha mjumlishe na nauli. Jumla hiyo ndiyo bei ya kweli ya shule.

Tatu, watoto ni wangapi darasani? Tangu masomo ya msingi yawe bure, shule nyingi za umma zimejaa kupita kiasi. Msitosheke na maneno ya direkta, pitieni mlangoni mtazame madawati. Watoto wanne kwenye dawati la wawili ni jibu tosha.

Nne, mtoto atasoma asubuhi au alasiri? Shule nyingi zina zamu mbili. Anayesoma alasiri anatoka wakati jua linakaribia kuzama. Kama nyumba ni mbali, na mtoto ni msichana, swali hili linatangulia mengine yote.

Tano, kwa anayekwenda sekondari, shule ina mkondo gani? Elimu ya msingi sasa ni miaka minane, kisha inafuata miaka minne ambayo mtoto anachagua ualimu, biashara, sayansi au ufundi. Haifai kupanga nyumba karibu na shule ya biashara wakati kijana ana kipawa cha umeme. Mwulizeni prefe pia wanafunzi wangapi walifaulu Mtihani wa Serikali mwaka uliopita, na wangapi waliukalia. Tarakimu ya kwanza bila ya pili haina maana.

Tembeeni njia kwa miguu

Watu wengi wanatafuta nyumba mwezi wa Agosti, kiangazi, ili watoto waanze masomo Septemba. Wakati huo kila barabara inapitika. Lakini mvua ya Katanga inaanza karibu Novemba na kuendelea mpaka Machi au Aprili. Ulizeni wamama wanaouza kando ya barabara: maji yanapita wapi mvua ikinyesha? Daraja lile la miti linabaki? Mama wa soko hana sababu ya kuwaficha, lakini komisionere anangoja pesa yake.

Kisha tembeeni kutoka nyumbani mpaka shuleni saa ile ile ambayo mtoto atatembea. Hesabuni barabara kubwa atakazovuka, maana malori ya migodi hayapunguzi mwendo kwa ajili ya watoto. Tazameni vilabu vya pombe vilivyo njiani.

Tena, tazameni moshi na mavumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini Katanga wana kobalti nyingi mwilini, na kwamba watoto ndio wanaozidiwa. Nyumba iliyo ukutani mwa kiwanda inaweza kuwa rahisi kwa kodi na ghali kwa afya.

Makaratasi na lugha

Kabla ya kuondoka, chukueni buletini za miaka iliyopita, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza shule ya msingi kama kipo, na barua ya direkta inayoonyesha kwamba mtoto alikuwa mwanafunzi wake. Tumeona watoto wakirudishwa darasa la nyuma kwa kukosa karatasi moja iliyosahauliwa ndani ya sanduku huku.

Watayarisheni pia kwa Kifaransa. Mtoto wetu anasema Kibemba nyumbani na Kiswahili sokoni. Mjini shule nyingi zinafundisha kwa Kifaransa tangu mwanzo, na wenzake watamcheka. Mwambieni mapema kwamba kuchekwa si kuwa mjinga, na kama inawezekana mtafutieni mtu wa kumsaidia miezi ya kwanza.

Kanisa la huko na kanisa la hapa

Tunaomba kila jamaa inayohama ipitie kwetu kuchukua barua ya utambulisho. Barua hiyo si desturi tupu. Mchungaji wa kule anajua mtaa wake, na washiriki wake wana watoto katika shule hizo hizo. Jumapili moja ya kuongea nao baada ya ibada inaweza kuwaokoa na makosa ya mwaka mzima. Na kama hamwezi kuhama wote, msiharakishe kumpeleka mtoto peke yake kwa ndugu. Ulizeni wazi kama atakuwa mwanafunzi au mtumishi wa nyumba ile. Ni swali gumu kuuliza ndugu, lakini ni la haki kwa mtoto.

Limebaki jambo moja ambalo linatuchoma. Wazazi wanaojali masomo ndio wanaoondoka kwanza. Wakiondoka wote, nani atakaa katika kamati ya wazazi hapa Kasomeno? Nani atamwuliza mwalimu kwa nini hakuja Jumatatu? Mababu zetu wa upande wa Mweru hawakwenda Lubumbashi kujifunza kusoma. Dan Crawford alianzisha misheni ya Luanza katika miaka ya 1890, wakati mji wa Lubumbashi haujaanzishwa, na watu wakasoma pale pale ziwani. Sasa kuna mradi wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno kupitia Kasenga mpaka Zambia, pamoja na daraja la Luapula. Kama barabara italeta malori bila shule bora, watoto wetu watakuwa wauzaji wa maji kando ya njia.

Hatumzuii mtu kuhama. Lakini tunawaomba wanaohama wachague kwa macho wazi, na tunawaomba wanaobaki waingie katika kamati ya wazazi kabla ya Septemba. Kamati ya kanisa letu imekwisha kuamua: kuanzia mwaka huu, kabla ya kuiwekea mikono jamaa yoyote inayosafiri, tutaketi nayo na kuuliza maswali haya moja kwa moja. Ndipo tutaomba.

Bwana awalinde mtokapo na mwingiapo.