Unaenda Guangzhou kwa mara ya kwanza? Soma haya kabla mtaji haujaondoka Lubumbashi

Shangazi yangu anauza viatu vya akina mama mjini Lubumbashi. Kwa miaka mingi alinunua mali Kasumbalesa, na mara chache Dar es Salaam, kwa watu ambao wenyewe walikuwa wameinunua China. Siku moja alikaa na daftari lake akahesabu faida inayobaki njiani, kisha akaamua kwenda mwenyewe. Mtaji ulikuwa dola 6,000. Nusu ilikuwa akiba yake, nusu nyingine zamu ya likelemba ambayo wenzake walikubali aichukue mapema. Nilimsindikiza kama mpwa na kama mwandishi. Tulirudi salama. Lakini leo hii, nyumbani kwake, bado kuna katoni tatu za viatu ambavyo haviingii mguuni mwa wateja wake.

Makala haya ni kwa wale wanaojiandaa kufanya safari hiyo. Guangzhou, mji ambao wazee wetu waliosoma kwa Kifaransa wanauita Canton, una watu zaidi ya milioni 18. Wafanyabiashara wa Afrika walianza kufika huko kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990, na mtaa wao mashuhuri ni Xiaobei. Hapo utasikia Kilingala, Kifaransa, Kibambara, na Kiswahili cha Watanzania. Idadi yao imepungua sana kuliko zamani. Mwezi wa nne 2020, wakati wa Covid, Waafrika wengi walifukuzwa katika nyumba na hoteli za mji huo hata kama hawakuwa wagonjwa, mpaka mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakaandika kulalamika. Mambo yametulia tangu hapo, lakini polisi bado hukagua pasipoti mitaani. Ndiyo maana naanza na karatasi.

Soma viza yako vizuri

Kwenye viza ya China kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya: tarehe ya mwisho ya kuingia nchini, na siku unazoruhusiwa kukaa. Viza inaweza kukupa miezi mitatu ya kuingia, lakini siku za kukaa zikawa 30 tu, au 15. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa kesho yake baada ya kuingia. Ukizidisha, sheria inaruhusu faini ya yuan 500 kwa kila siku hadi kufikia yuan 10,000, au kufungwa kati ya siku 5 na 15. Anayekwenda kununua mali anaomba viza ya aina ya M, ambayo ni ya biashara. Usisahau kadi ya manjano ya chanjo.

Ukilala hotelini, hoteli ndiyo inayokuandikisha polisi. Ukilala kwa ndugu au rafiki, ni lazima wewe au mwenyeji wako akuandikishe polisi wa mtaa huo ndani ya saa 24. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa hadi yuan 2,000. Kabla ya kulipia chumba kwenye intaneti, uliza kama hoteli inapokea wageni wa nje, kwa sababu si zote zinazokubali. Na pasipoti utembee nayo, ile yenyewe, siyo fotokopi. Sheria inamtaka kila mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi awe nayo mwilini.

Jambo moja zaidi ambalo sitalizungushia maneno: usibebe mzigo wa mtu. Hata wa jirani, hata wa mtu wa kanisani, hata kama ni unga au dawa za kienyeji za mtoto wake aliyeko huko. China inaadhibu vikali madawa ya kulevya. Gramu 50 za heroini zinaweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo.

Pesa na simu

Anayeingia China na zaidi ya dola 5,000 taslimu anatakiwa kuzitangaza forodhani. Shangazi alitaka kuzigawa, nyingine kwenye mkoba wangu. Tulizitangaza, ikachukua dakika chache, tukapewa karatasi. Itunze karatasi hiyo, maana ndiyo ushahidi wako ukitaka kutoka na dola zilizobaki.

Badilisha pesa benki, kwa mfano Bank of China, ukiwa na pasipoti. Ndiyo, kuna foleni. Vijana wanaobadilisha pesa barabarani Xiaobei watakupa bei nzuri kidogo, pamoja na hatari ya noti bandia. Noti kubwa kuliko zote ni ya yuan 100, kwa hiyo ukipewa noti kubwa zaidi ya hiyo ujue unachezewa. Kuna pia mchezo wa zamani: unamlipa mtu noti nzuri, anaigeuza upesi chini ya meza, anakurudishia ya bandia akisema ndiyo uliyompa. Shangazi alikuwa akisoma kwa sauti tarakimu tatu za mwisho za noti kabla ya kuitoa. Sidhani kama muuzaji alielewa Kiswahili, lakini alielewa kwamba noti imehesabiwa.

Wachina wengi wanalipa kwa simu, kupitia WeChat au Alipay. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard kwenye programu hizo. Jaribu jambo hilo ukiwa bado nyumbani. WeChat mara nyingi humtaka mtu mpya athibitishwe na mtu mwingine anayeitumia tayari, na ni rahisi kumpata mtu huyo Lubumbashi kuliko uwanja wa ndege saa nane za usiku.

WhatsApp, Google na Facebook zimefungwa kwenye mtandao wa huko. Laini yako ya Kongo ikiwa na huduma ya nje, kwa kawaida WhatsApp itaendelea kufanya kazi, ila bei yake ni kali. Kwa hiyo waambie familia mapema kwamba mtawasiliana kwa WeChat. Pakua pia Kichina kwenye programu ya kutafsiri, ile inayofanya kazi bila mtandao. Na jina na anwani ya hoteli uwe nayo kwa herufi za Kichina kwenye karatasi. Dereva wa teksi hasomi herufi zetu.

Kuhusu safari yenyewe, sina mengi. Ethiopian inakwenda Guangzhou moja kwa moja kutoka Addis Ababa. Saa za huko zimetangulia za Lubumbashi kwa saa sita, kwa hiyo siku ya kwanza mwili hauna akili ya biashara. Kutoka uwanja wa Baiyun, treni ya chini ya ardhi inakufikisha Xiaobei kwa bei ndogo kuliko teksi: panda laini ya 3, badilisha Jiahewanggang uingie laini ya 2 hadi Guangzhou Railway Station, kisha laini ya 5, kituo kimoja tu. Maji ya bomba usiyanywe bila kuchemsha. Bukari ipo, kwenye migahawa ya Waafrika Xiaobei, lakini bei yake itakufanya ujifunze kupenda tambi.

Sokoni

Wageni wengi hukimbilia jengo la Tianxiu, Xiaobei, kwa sababu wauzaji wa hapo wamezoea Waafrika na wanajua maneno ya Kiingereza na Kifaransa. Ni mahali pazuri pa kuanza na pabaya pa kumalizia. Urahisi huo wa lugha umo ndani ya bei. Viatu vya jumla viko barabara ya Zhanxi, karibu na stesheni ya treni. Nguo ziko Baima, karibu na hapohapo. Mifuko ya ngozi iko Sanyuanli. Vitu vya kuchezea watoto na mapambo, nenda barabara ya Yide. Ukiwa Yide, pita kwenye kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, jengo la mawe lililomalizika 1888, ambako Waafrika wengi wanasali. Shangazi alikaa pale nusu saa nzima bila kusema neno, na kwake hilo si jambo dogo.

Siku ya kwanza usinunue. Tembea, uliza bei, piga picha ya kadi ya duka, andika. Wauzaji wanaandika bei kwenye kikokotoo, lakini wengine wanaonyesha kwa vidole, na hapo kuna mtego: kidole gumba na cha shahada kwetu ni mbili, kwao ni nane.

Sasa, zile katoni tatu. Duka moja lilimwonyesha shangazi kiatu kizuri, namba 40. Alikipima, akakipenda, akapatana bei, akatoa avansi ya asilimia 30 kama ilivyo desturi, na salio akalipa mali ilipokuwa tayari. Risiti iliandikwa idadi ya jozi na rangi. Namba haikuandikwa, na yeye hakuiuliza. Katoni zilipofunguliwa Lubumbashi zilikuwa zimejaa 35, 36 na 37, namba zinazouzika kwa wanawake wa China. Wateja wake wanavaa 39 hadi 42. Muuzaji alijibu kwa WeChat kwamba hakuna aliyemwambia, na kwa kweli hakuna aliyemwambia. Hali ni hiyohiyo kwenye nguo: XL ya huko inaweza kuwa ndogo kwa mama wa kawaida wa kwetu. Usiamini herufi, pima kwa futi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hilo nashiriki lawama. Katoni zilipelekwa depo ya wakala wa mizigo, nasi tulizihesabu tu. Hatukufungua hata moja. Huko depo ndiko nafasi yako ya mwisho ya kumrudia muuzaji wakati bado uko mji mmoja naye. Panga siku mbili za mwisho kwa kazi hiyo tu: fungua, hesabu, piga picha, funga, andika alama yako pande zote za katoni.

Hesabu ya usafiri nayo ifanye kabla ya kununua. Kwa meli unalipa kwa mita ya ujazo. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni mita 0.12 za ujazo, yaani katoni nane zinakaribia mita moja. Kwa ndege unalipa kwa kilo, lakini mzigo mwepesi wenye umbo kubwa unahesabiwa kwa ukubwa: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Katoni ileile inatoka kilo 20, hata kama viatu vilivyomo vina kilo 11. Mali za shangazi zilipita baharini hadi Dar es Salaam, zikapanda lori hadi Tunduma, zikavuka Zambia, zikaingia Kasumbalesa. Kutoka kulipa hadi kupokea ilikuwa karibu miezi mitatu. Mchango wa likelemba haungoji meli. Alilipa kwa kuuza mali ya zamani kwa bei ya hasara.

Angalia pia kalenda. Mwaka mpya wa Kichina, kati ya mwezi wa kwanza na wa pili, viwanda na masoko hufungwa na wafanyakazi wanarudi vijijini. Mali iliyoagizwa karibu na siku hizo inachelewa. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi nayo ni sikukuu. Maonyesho makubwa ya Canton, yaliyoanza 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwezi wa nne na mwezi wa kumi, na siku hizo bei za hoteli hupanda. Kwa mwenye mtaji mdogo, sioni sababu ya kwenda wakati huo. Wanaouza pale wanatafuta anayenunua kontena.

Shangazi anarudi Guangzhou mwezi wa kumi na moja. Wenzake wa likelemba wamekubali tena, baada ya kikao kirefu. Safari hii ameweka kwenye mkoba futi ya fundi cherehani, kalamu nene nyeusi ya kuandikia katoni, na kiatu kimoja kilichochakaa, namba 41. Anasema atakiweka mezani kabla bei haijatajwa.