Gari la Familia Lililotumika: Hesabu ya Uzito, Njia na Kadi kwa Mnunuzi wa Usinge

Kila mwaka masoko ya tumbaku yanapofunguliwa na malipo kuanza kupitia vyama vya msingi vya ushirika, biashara ya magari yaliyotumika huchangamka katika ukanda wote wa Urambo, Kaliua na Usinge. Mkulima aliyesubiri fedha yake tangu kitalu hadi soko ana kila haki ya kununua gari. Shida ni kwamba fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka. Ikizama katika gari lisilofaa, imezama pamoja na ada ya shule na mbolea ya msimu unaofuata, na gari lenyewe hubaki limesimama chini ya mwembe.

Makala haya yamekusudiwa mzazi ambaye familia yake inaongezeka na anatafuta gari lenye safu tatu za viti. Tunachukulia kwamba gari hilo litafanya kazi kati ya Usinge, Kaliua na Tabora, masika na kiangazi, na kwamba hata pale barabara kuu ilipo na lami, safari itaanza na kuishia katika udongo wa kijiji. Kwa mnunuzi wa namna hiyo swali la kwanza si rangi wala mwaka wa gari. Ni hili: likiwa limejaa watu wote wa nyumbani, katika siku mbaya kuliko zote za mwezi Machi, litafika Kitete?

Viti vinane vina uzito gani

Magari yanayotajwa zaidi kwa kazi hii ni Toyota Noah na pacha wake Voxy, Toyota Wish, Toyota Ipsum, na kwa mwenye uwezo zaidi, Alphard au Land Cruiser Prado. Karibu yote yamekuja kutoka Japani yakiwa yamekwishatumika. Katika hati za gari za Japani, uzito wa jumla wa gari la abiria hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila kiti. Noah ya viti vinane, kwa hiyo, imeandikiwa kilo 440, zikiwa ni watu pamoja na kila walichokibeba. Mtengenezaji huacha akiba fulani juu ya hapo, lakini akiba hiyo ni ya mashimo na breki za ghafla, si ya magunia.

Tuchukue familia ya watu wanane: baba, mama, bibi na watoto watano, mkubwa akiwa na miaka 14 na mdogo akiwa ameacha kunyonya. Watu wazima watatu wa kilo 65 ni kilo 195. Watoto tuwakadirie kilo 45, 38, 30, 22 na 13, jumla yao 148. Familia nzima ina kilo 343, na nafasi iliyobaki ni kilo 97, ambayo haifiki gunia moja la mahindi la kilo 100. Sasa tusogeze miaka mitano mbele. Watoto walewale wana kilo 60, 55, 48, 36 na 24. Familia imefika kilo 418 na nafasi ya mizigo ni kilo 22 tu, kabla ya mtoto mwingine kuzaliwa. Familia inayoongezeka huongezeka kwa kilo hata isipoongezeka kwa vichwa, na gari linalonunuliwa leo linapaswa kupimwa kwa hesabu ya miaka hiyo mitano.

Hesabu hii si ngeni katika njia ya Tabora kwenda Ujiji. Zamani za misafara mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32, na mwenye msafara aliyezidisha mizigo aliamka akakuta wapagazi wamemkimbia. Gari halikimbii. Hulipa kisasi polepole: springi za nyuma hulala, shokapu huvuja, tairi la nyuma hupata joto na kupasuka, na breki iliyosimamisha gari tupu kwa urahisi hushindwa kulisimamisha limejaa.

Ndiyo maana tunashauri jambo ambalo wanunuzi wengi hawalipendi. Usinunue gari moja kwa ajili ya watoto na magunia kwa pamoja. Kukodi guta au lori la kijiji kwa siku chache za mavuno ni nafuu kuliko kuendesha mwaka mzima gari kubwa linalokunywa mafuta, na ni salama kuliko kuwapandisha watoto juu ya mizigo.

Tofauti za magari yenyewe

Jina la Noah limebeba magari kadhaa tofauti, na dalali hatakueleza. La kwanza, lililotengenezwa kati ya 1996 na 2001, lina injini chini ya viti vya mbele na huvutwa na magurudumu ya nyuma. Uzito wa abiria hukandamiza magurudumu yanayovuta, kwa hiyo halihangaiki sana katika tope. Injini yake ni ya zamani na mafundi wengi wanaimudu. Lakini pua yake ni fupi, miguu ya dereva iko karibu sana na kitakachogongwa, na leo gari changa kuliko yote ya aina hiyo limepita miaka ishirini.

La pili lilianza mwishoni mwa 2001. Linavutwa na magurudumu ya mbele, sakafu yake iko chini na watoto hupanda kwa urahisi. Mengi yake yana injini ya 1AZ-FSE, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya msukumo mkubwa. Injini hiyo inadai petroli safi. Kwa familia ambayo mara nyingi hununua mafuta ya chupa na madumu kando ya barabara, hilo ni jambo la kufikiriwa mara mbili. La tatu, la kuanzia 2007, lina injini ya jamii ya 3ZR na giaboksi ya mkanda ambayo mafundi huiita CVT. Ni gari zuri, ila giaboksi hiyo ina oili yake maalumu. Fundi akiijaza oili ya giaboksi ya kawaida, ameiua. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba oili hiyo unaweza kuipata Tabora bila kuagiza Dar es Salaam.

Wish ni ndogo, hutumia mafuta kidogo, na viti vyake vya safu ya tatu ni vya watoto tu. Vikisimamishwa, nyuma panabaki nafasi ya mikoba michache. Inafaa familia ya watu watano au sita, si wanane. Ipsum ya kuanzia 2001 na Alphard nyingi zina injini ya cc 2362, na hapo kodi huingia: kwa anayeagiza kutoka nje, ushuru wa bidhaa wa gari la abiria lenye zaidi ya cc 2000 ni asilimia 10, ilhali lenye zaidi ya cc 1000 hadi 2000, kama Noah, ni asilimia 5. Gari lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 kwa sababu ya uchakavu, na lililopita miaka 10 asilimia 30. Viwango hivi hupitiwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kitakupa hesabu ya wakati huo kabla hujatuma hata shilingi. Tofauti na Kenya, inayokataa kuingiza gari lililozidi miaka 8, sisi tunalipokea na kulitoza. Hivyo umri wa gari ni mzigo ambao mnunuzi wa Tanzania huamua mwenyewe kuubeba.

Kuhusu tope la mbuga la bonde la Malagarasi, Noah na Wish nyingi hazifiki sentimita 20 kutoka ardhini hadi tumboni zikiwa tupu, na zikijaa hushuka zaidi. Prado huvuka hapo kwa nafasi. Wapo wanaoinua Noah kwa kuweka spesa juu ya springi. Gari likishainuliwa hivyo, joiti za ekseli za mbele huchakaa upesi na gari huyumba zaidi katika kona, jambo baya kwa gari refu lenye watoto nyuma. Ukiiona Noah iliyosimama juu kupita wenzake, uliza. Ikiwa njia yako kweli inahitaji nguvu zaidi, tafuta Noah yenye magurudumu manne yanayovuta. Huhitaji kumwamini mtu kwa hilo, kwani namba ya chasisi inasema yenyewe: AZR60 na ZRR70 ni za magurudumu mawili, AZR65 na ZRR75 ni za manne.

Siku ya kulijaribu

Nenda na familia. Muuzaji aliyezoea mnunuzi mmoja kuzunguka naye soko mara moja hatapenda, lakini gari la familia linajaribiwa na familia. Bibi apande na kushuka safu ya pili. Mtoto mkubwa akae safu ya tatu nusu saa. Kila mmoja afunge mkanda wake, na kila mkanda uvutwe hadi mwisho. Mkanda usiovutika au usiorudi ni kiti kimoja pungufu, hata kadi ikisema vinane. Mwisho wa mkanda una siri nyingine: gari lililozama katika mafuriko husafishwa mazulia na viti, lakini mstari wa tope hubaki katika sehemu ya mkanda iliyojificha.

Gari likiwa limejaa, liendeshe katika barabara ya udongo, kisha funga breki kwa nguvu mahali salama. Likivuta upande mmoja, au likigonga chini kwa nyuma katika kila shimo, umepata jibu ambalo gari tupu lisingekupa. Likipoa, fungua rejeta. Maji yenye rangi ya maziwa au mafuta juu yake ni dalili ya injini iliyowahi kuchemka. Tazama namba nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye meno mapya halikutembea, lakini limezeeka.

Kilomita za dashibodi zichukuliwe kama maneno ya muuzaji, si kama kipimo. Pedali iliyolika na usukani ulioteleza katika gari linalodai kilomita 70,000 havisemi kitu kimoja. Angalia pia kama gari lilikuwa mchomoko. Namba za gari la biashara huwa katika kibao cheupe na za binafsi katika kibao cha njano. Kibao hubadilishwa, lakini matundu ya skrubu za viti vilivyoongezwa hayazibiki vizuri. Noah iliyobeba abiria kumi na mmoja kila siku kwa miaka mitatu imekwisha maisha yake hata ikipakwa rangi.

Lipa fundi wako mwenyewe, asiyeletwa na dalali. Malipo ya fundi wa kweli kutoka Kaliua au Tabora kwa siku moja ni sehemu ndogo sana ya bei ya gari.

Kadi kabla ya fedha

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza kila kitu, hata pale gari lilipokuwa zima. Muuzaji awe ndiye mwenye jina katika kadi ya usajili, na uione kadi halisi, si kivuli wala picha ya simu. Kadi isiyoonekana mara nyingi iko kwa mkopeshaji. Jina la benki au taasisi ya mikopo likiwa katika kadi, usilipe hadi upate barua ya taasisi hiyo inayoonyesha kwamba deni limeisha. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi tarakimu kwa tarakimu. Faini za barabarani hutazamwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na uhalali wa bima katika mfumo wa TIRA. Bima ndogo ni lazima kisheria, lakini kwa gari ambalo ni akiba yote ya nyumba, tunashauri mume na mke wakae waulize bei ya bima kubwa kabla ya kuikataa.

Mkataba wa mauziano uandikwe na kushuhudiwa na wakili, malipo yapite benki, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mapema. Utahitaji TIN. Yapo magari yanayotembea kwa jina la mmiliki wa tatu nyuma. Mmiliki huyo akifariki, mnunuzi wa mwisho hujikuta akijadiliana na warithi asiowajua. Tunashauri pia jina litakaloandikwa liamuliwe nyumbani kabla ya safari ya Tabora, hasa pale tumbaku iliyolipa gari ilipolimwa na mikono ya wawili.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Bango la "gari linauzwa lilivyo" halimruhusu kurudisha kilomita nyuma wala kuficha ajali. Aliyenunua kwa mtu binafsi ana kinga ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iwapo alidanganywa. Katika hali zote mbili malalamiko husimama juu ya ushahidi. Hifadhi tangazo, ujumbe wote wa simu, risiti ya kielektroniki, mkataba, na ripoti ya fundi yenye tarehe na sahihi. Ukigundua kasoro iliyofichwa, mjulishe muuzaji kwa maandishi mara moja, na usiruhusu gari lifunguliwe na gereji yoyote kabla kasoro hiyo haijapigwa picha na kushuhudiwa.