Mbwa Akichechemea: Tujue Goti Lake

Mbwa anafanya kazi kubwa kijijini. Usiku analinda mbuzi. Mchana anafukuza nyani shambani. Lakini siku moja unamwona anachechemea. Mguu mmoja wa nyuma ameunyanyua. Akisimama, anagusa chini kwa ncha za vidole tu. Akikaa, anautupa mguu huo pembeni. Mmoja anasema, "Amevunjika, mfunge mabanzi." Mwingine anasema, "Huyu kwisha kazi, bora auawe." Je, ni kweli? Tuangalie kwanza goti lenyewe.

GOTI LIKOJE?

Goti la mbwa liko juu, karibu na tumbo. Kile kiungo cha chini kinachochomoza nyuma si goti, ni kifundo cha mguu. Kwenye goti, mfupa wa paja unakutana na mfupa wa muundi. Mifupa hii imefungwa pamoja kwa kano. Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana. Ile ya mbele inazuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele.

Kano hii huweza kukatika ghafla, mbwa akikimbia na kugeuka. Lakini mara nyingi huanza kulika polepole, kama kamba ya kisimani. Siku ya mwisho inakatika kwa jambo dogo tu. Basi, kila mbwa akikanyaga, mfupa unateleza. Goti linavimba na kuuma.

Mabanzi hayasaidii hapa. Kano iliyokatika haijiungi yenyewe. Tena, ukikaza sana kamba, damu haipiti na mguu unaweza kuoza.

MADAKTARI WANAFANYAJE?

Mwaka 1952, Saki Paatsama wa Ufini aliandika jinsi ya kutengeneza kano mpya kwa ukanda uliokatwa kwenye paja la mbwa mwenyewe.

Njia nyingine ni uzi imara wa nailoni, unaofanana na mshipi wa kuvulia samaki. Mbwa hulazwa usingizi kwa dawa. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye mfupa wa muundi. Anapitisha uzi hapo na kuufunga nyuma ya mfupa wa paja. Uzi unashika goti mpaka mwili utengeneze kovu gumu la kulishikilia.

Mwaka 1993, Barclay Slocum wa Marekani alieleza njia ya tatu. Daktari anakata sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, anaizungusha kidogo, kisha anaifunga kwa bamba la chuma na skrubu. Mfupa hautelezi tena, hata bila kano.

Operesheni hizi zinataka vifaa na daktari aliyesomea upasuaji. Gharama yake ni kubwa.

SASA MTU WA KIJIJINI AFANYE NINI?

Usikate tamaa. Mbwa mwepesi, wa chini ya kilo 15, mara nyingi hupata nafuu kwa kupumzika tu. Fanya hivi:

1. Mwite bwana mifugo amwangalie. Huenda ni mwiba au mfupa umevunjika.
2. Mfunge kivulini kwa wiki 6 mpaka 8. Asikimbie wala kuruka. Akienda haja, mshike kwa kamba.
3. Mpe maji na chakula cha kiasi. Akinenepa, goti linabeba mzigo zaidi.
4. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Zinaweza kumuua.
5. Wiki zikipita na bado hakanyagi, mwone daktari wa mifugo.

Mbwa mwenye maumivu huuma hata mwenyewe. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumshika. Lakini mbwa anayeyumba, anayetokwa mate au asiyeweza kumeza, usimguse kabisa. Huenda ana kichaa cha mbwa. Wazuie watoto, mwite bwana mifugo upesi.

Kwa hiyo, tusiharakishe kumwua mlinzi wetu. Kuchechemea si kufa. Tumpe muda, huenda akarudi kazini.