Mahasimu Wawili, Wimbo Mmoja

Kuna nyimbo za kucheza na kuna nyimbo za kukaa chini ukasikiliza. "Kabasele in Memoriam" ya Franco na Tabu Ley, ya mwaka 1983, kwangu mimi iko kundi la pili. Hapa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, tuliipata kwenye kaseti aliyoileta mjomba kutoka Dodoma mjini. Kilingala tulikuwa tunabahatisha tu, na betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Lakini hata asiyejua neno moja alielewa kuwa pale kuna msiba.

Marehemu mwenyewe ni Joseph Kabasele, "Le Grand Kallé", aliyefariki Kinshasa Februari 11, 1983. Huyu ndiye wengi wanayemwita baba wa muziki wa kisasa wa Kongo. Alianzisha African Jazz mwaka 1953. Mwaka 1960, viongozi wa Kongo walipokuwa Brussels kujadili uhuru wa nchi yao, kundi lake lilikuwa huko huko likiwapigia "Indépendance Cha Cha", kibao kilichovuma karibu Afrika nzima.

Sasa sikiliza hapa. Tabu Ley alikuwa kijana wa Kabasele. Aliingia African Jazz mwaka 1959, akapewa nafasi ya kuimba na wakubwa, jina likakua. Mwaka 1963 yeye na mpiga gitaa Dr Nico wakaondoka, wakaanzisha African Fiesta. Mzee akabaki na jina la bendi, vijana hawapo! Alijaribu kuijenga upya, lakini African Jazz haikurudi kuwa ile ya mwanzo.

Na Franco je? Yeye alikuwa upande wa pili kabisa. OK Jazz yake ilianza mwaka 1956, na kwa miaka mingi mashabiki wa kambi hizi mbili walibishana kama watani wa Simba na Yanga. Hata huku kwetu, nani mkali kati ya Franco na Tabu Ley ilikuwa mada ya kumalizia pombe.

Ndiyo maana wimbo huu unanigusa. Mmoja aliwahi kumwacha mzee, mwingine alikuwa mpinzani. Siku mzee alipoondoka, wote wawili wakaingia studio moja. Ile sauti laini ya Tabu Ley na ile nzito ya Franco zinakaa pamoja bila kugombania nafasi. Hakuna anayetaka kuonekana zaidi. Mwenye shughuli ni marehemu.

Wamarekani nao walifanya hivyo. Mwaka 1985 Commodores walitoa "Nightshift", wimbo wa soul wa kuwakumbuka Marvin Gaye na Jackie Wilson, waliofariki wote mwaka 1984. Kibao kitamu mno! Lakini Jackie Wilson alianguka jukwaani mwaka 1975 na akaishi miaka zaidi ya minane akiwa mgonjwa, hawezi tena kuimba. Sifa nzuri kama zile, ingekuwaje angezisikia mwenyewe?

Hapo ndipo ninapotaka tuongee, wewe na mimi. Hapa Kibakwe kuna fundi cherehani mmoja, mzee wa watu, aliyefundisha vijana kadhaa. Wengi sasa wana vibanda vyao, wengine wanatazamana naye mlango kwa mlango. Wapo wanaopita bila hata "shikamoo" kwa sababu waliachana vibaya kwa habari ya mashine na wateja. Kuondoka si dhambi, jamani. Mwanafunzi akikua ataondoka tu, na Tabu Ley asingeondoka labda tusingempata Tabu Ley tunayemjua. Tatizo ni kuondoka na shukrani mfukoni, ukaitoa siku ya mazishi mbele ya watu, wakati mwenye kustahili hasikii.

Franco naye alifariki Oktoba 12, 1989, na Tabu Ley Novemba 30, 2013. Wote watatu wametutoka, wimbo bado upo. Jumapili hii utafute, uusikilize taratibu. Halafu mkumbuke aliyekushikisha sindano, chaki, jembe au gitaa kwa mara ya kwanza. Kama yuko hai, mpigie simu, au nenda kabisa na kilo ya sukari. Mwambie, "Mzee, ulichonifundisha ndicho ninachokula." Atafurahi, wewe subiri uone!